Vijana wa tarakilishi wasivunjwe moyo na mashine wala wakubwa

WAHENGA walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii imewafariji mafundi wengi waliopatwa na dhiki kazini. Lakini kijana wa leo anayesomea uundaji wa programu za tarakilishi haambiwi kwamba koleo limevunjika. Anaambiwa kwamba koleo limejifunza kufua chuma lenyewe, na kwamba mhunzi hana haja tena ya kufika karakanani.

Maneno hayo yanasikika sana kati ya Ruiru na Thika, kwa kuwa eneo hili limejaa vyuo. Ruiru kuna Chuo Kikuu cha Zetech, Juja kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, na Thika kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mnamo Novemba 2022, wanafunzi wameona mashine ikiandika kwa nukta chache programu ambayo wao huhangaika nayo usiku kucha. Si ajabu basi kwamba wengi wao wanawauliza walimu: je, tuendelee na masomo haya, au tumechelewa?

Aghalabu swali hilo hupewa mojawapo ya majibu mawili. La kwanza ni kwamba waiache kazi hii mapema, watafute nyingine. La pili ni kwamba wajikaze, wavumilie kila watakalotendewa, kwani mvumilivu hula mbivu. Kwa maoni yangu majibu yote mawili yana kasoro. La kwanza linaikuza mashine kupita kiasi, na la pili linamfumbia macho mwajiri.

Tuanze na mashine. Hofu ya tarakilishi si ngeni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa tarakilishi nchini humo, baada ya mitambo iliyonunuliwa kwa ajili ya hesabu za serikali kuleta vurugu badala ya nafuu. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye na tarakilishi zikaingia. Kilichopotea ni miaka ambayo vijana wa huko wangeweza kuitumia kujifunza. Kwa hivyo, mwalimu anayemkataza mwanafunzi kuigusa kabisa akili mnemba hamsaidii.

Hata hivyo, anayedai kwamba mashine imekwisha kuichukua kazi yote hasemi kweli. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya METR ya Marekani iliwapima waundaji 16 wa programu, wote wenye uzoefu, kwa kazi 246 katika programu walizozijua vyema. Walipotumia zana za akili mnemba, walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. La kushangaza ni kwamba wenyewe waliamini kuwa zana hizo ziliwaharakisha kwa asilimia 20. Utafiti huo ni mdogo, na zana zenyewe hubadilika upesi, hivyo haufai kuchukuliwa kama hukumu ya mwisho. Lakini unatufunza jambo moja: mashine huandika haraka, ilhali kusoma kilichoandikwa, kukipima na kugundua kosa lake ni kazi ya mtu anayeelewa. Programu ya hospitali ikichanganya dawa za wagonjwa wawili, atakayeulizwa ni binadamu.

Ni kweli kwamba wanaoanza kazi wana sababu ya kuhofu. Lakini mashaka yao yalitangulia akili mnemba. Mnamo Septemba 2019, kampuni ya Andela, iliyokuwa ikiwafunza vijana wa Afrika na kuwaunganisha na makampuni ya ng'ambo, ilitangaza kuwapunguza waundaji wake wachanga: kiasi cha 250 nchini Nigeria na Uganda, na wengine wapatao 170 ambao nafasi zao zilikuwa hatarini nchini Kenya. Sababu iliyotolewa ni kwamba wateja walitaka watu wenye uzoefu zaidi. Wakati huo ChatGPT ilikuwa bado miaka mitatu mbele. Makampuni mengi hupenda kuvuna mafundi waliokomaa, na ni machache yanayokubali kupalilia miche. Akili mnemba imeuongeza uzito wa tabia hiyo ya kale, na kuipa kisingizio kipya.

Sasa tumgeukie mwajiri. Kijana anayeishi Juja na kufanya kazi Nairobi hudamka alfajiri, akapanda matatu katika barabara kuu ya Thika, na kurejea usiku. Taabu hiyo wengi huistahimili bila kunung'unika. Kinachowakatisha tamaa ni msimamizi anayesema mbele ya wenzao kwamba mashine ingeifanya kazi yao kwa dakika tano. Ni amri zinazotumwa saa sita za usiku na siku ya Jumapili. Ni kuitwa mwanagenzi mwaka mzima ili asilipwe mshahara kamili. Ni mkubwa kusifiwa kwa kazi iliyofanywa na mdogo. Katika afisi ya namna hiyo akili mnemba imekuwa kiboko, na mkono unaokishika kiboko hicho ni wa binadamu.

Wapo watakaosema kwamba kazi ni adimu, na kwamba asiyetaka kukemewa aondoke kwa kuwa wengine wamejipanga langoni. Hoja hii ina nguvu kwa sababu ni kweli wamejipanga. Lakini haki za mfanyakazi hazikuandikwa kwa ajili ya miaka ya neema pekee. Ibara ya 41 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini, na kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaagiza angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Inaagiza pia kwamba mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Je, ni wanafunzi wangapi wa tarakilishi wanaohitimu wakiwa wamewahi kusomewa vifungu hivyo?

Wapo Wakenya waliokataa kunyamaza. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi, waliosoma na kuainisha maandishi ya kuchukiza ili ChatGPT ifunzwe kuyaepuka, walikuwa wakilipwa chini ya dola mbili kwa saa. Mnamo Mei 1, 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za aina hiyo, pamoja na wale wanaochuja maudhui ya mitandao ya kijamii, walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta, kampuni inayomiliki Facebook, inaweza kushtakiwa nchini Kenya. Mashine inayowatisha vijana wetu imenolewa, kwa sehemu, na mikono ya vijana wetu wenyewe. Wana haki ya kusikilizwa juu ya jinsi inavyotumiwa.

Mji wa Thika una funzo jingine. Ulikuwa ukifananishwa na Birmingham ya Uingereza kwa wingi wa viwanda vyake. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990 na mitumba kumiminika, viwanda vya nguo vya humu nchini vilidorora na vingi vikafungwa. Thika haikusazwa. Waliopoteza kazi hawakuwa wavivu, wala hawakupungukiwa na ari. Kwa sababu hiyo si haki kumhubiria kijana juhudi peke yake, kana kwamba akikosa ajira ni dhambi yake mwenyewe.

Ari ya kazi basi hutoka wapi? Naona ina nguzo mbili. Ya kwanza ni kuijua kazi kwa undani, kiasi cha kuweza kusema mashine imekosea wapi na kwa nini. Ya pili ni kujua kwamba thamani ya mtu haiamuliwi na kauli ya msimamizi mmoja. Nguzo hizi hujengwa chuoni, kabla kijana hajaingia afisini.

Nguzo ya kwanza hutaka muda. Mjini Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa, ambako ndiko ilikotoka aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11. Ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985, baada ya miaka mingi ya kutafuta mbuni utakaostahimili ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa. Hakuna mkubwa ambaye angeweza kuukemea mbuni ili uzae kesho yake. Akili ya mwanafunzi nayo haikomai kwa kukemewa, wala kwa kuletewa majibu yaliyokwisha tayarishwa.

Kwa hivyo walimu wabadili namna ya kupima. Mwanafunzi akileta programu iliyoandikwa na mashine, asimamishwe aieleze mstari kwa mstari. Apewe programu yenye kosa lililofichwa alitafute. Katika mwaka wa kwanza azoeshwe kuandika kwa mkono wake mwenyewe, na baadaye ndipo aitumie akili mnemba kama mhunzi atumiavyo nyundo.

Kadhalika, vyuo vitenge vipindi vya kufundisha Sheria ya Ajira kwa wanaosomea tarakilishi. Wanafunzi wanaorudi kutoka mafunzo ya nyanjani waulizwe walivyotendewa, na majibu yao yahifadhiwe. Kampuni inayojulikana kuwadhalilisha wanagenzi isipelekewe wengine mwaka unaofuata. Vyuo vina uwezo huo. Ni jambo la kusikitisha kwamba ni nadra kuutumia.

Nanyi wanafunzi, ombeni mkataba wa maandishi na muusome kabla ya kutia sahihi. Wekeni kumbukumbu ya saa mnazofanya kazi na amri mnazopewa. Msijitenge na wenzenu, kwa kuwa mtu mmoja hunyamazishwa kwa urahisi kuliko kumi. Na pindi mahali panapowaharibia afya, kuondoka si kushindwa. Jambo la busara ni kuondoka mkiwa na ujuzi wenu, akiba kidogo, na mahali pengine mlipokwisha kupaangalia.

Akili mnemba haitarudi ilikotoka. Lakini namna itakavyoingia katika afisi zetu bado haijaamuliwa, na uamuzi huo usiachiwe wenye makampuni pekee. Walimu wa Ruiru, Juja na Thika waanze muhula ujao, wakati madarasa bado yamejaa.