Mafigo yanaharibika, jirani anashitakiwa karuho

Huku Kivu, mtu akianza kuvimba miguu na uso, wengi hawaulizi juu ya mafigo. Wanasema amepewa karuho. Jirani anashitakiwa, mbuzi anauzwa ili mganga alipwe, na mgonjwa anakunyweshwa dawa za miti ambazo zingine zinaweza kumaliza mafigo yaliyobaki.

Uongo huo unaua. Ugonjwa sugu wa mafigo hauletwi na jirani. Mara nyingi unaletwa na tansiyo ya juu na ugonjwa wa sukari usiotunzwa. Vidonge vya maumivu kama diclofenac na ibuprofen, vinavyouzwa sokoni bila karatasi ya daktari, navyo vinaharibu mafigo vikimezwa siku nyingi. Ugonjwa unatembea kimya miaka. Uvimbe unapoonekana, mara nyingi hatari imekwisha kuwa kubwa.

Kumbe kuujua mapema si kazi ngumu: kupima tansiyo, kupima mkojo, na kupima damu. Mafigo yakisha kufa, inabaki dialize, kwa kawaida mara 3 kwa juma, ama kupandikizwa figo. Mama aliyekimbia vita na watoto na godoro atatoa wapi pesa hiyo?

Wakubwa wa afya wasingoje Siku ya Mafigo Duniani, mwezi wa tatu, ndipo waseme. Kila kituo cha afya kinachopokea wakimbizi wa ndani kiwe na mashine ya tansiyo inayofanya kazi. Nazo familia zimpeleke mgonjwa apimwe kwanza. Jirani aachwe.