Nishani ya Babu
Wasomaji wa Shangani, nanyi wa vijiji vya kando ya Ruvuma, hebu fungueni masanduku ya wazee. Huenda humo mkakuta nishani ya fedha yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano. Hiyo ni ya vita vya 1914 hadi 1918, vilivyofika kwetu Septemba 1916 Waingereza waliposhuka Mikindani, na Novemba 1917 Wajerumani walipovuka Ruvuma.

Msiisugue kwa mchanga! Igeuzeni, msome ukingoni: namba ya askari, cheo, jina, na kikosi chake cha King's African Rifles. Namba peke yake haitoshi, maana kila kikosi kilikuwa na hesabu yake. Tena karani aliandika jina kama alivyolisikia. Basi lisomeni kwa sauti mbele ya wazee, huenda wakalitambua.

Nishani nyingi za vita vya 1939 hadi 1945 hazina jina. Hizo ziandikieni karatasi leo, kabla wanaomkumbuka mwenyewe hawajatutoka.

Mnunuzi hupima fedha tu. Akishaiyeyusha, na jina la babu limekwenda.