Kirikuu cha Mama kimeingia kwenye fremu

Najua nimepotea. Tulikuwa na test tatu ndani ya wiki moja, halafu sisi wa Elimu tuna ugonjwa wa kupewa kazi za makundi ambazo kundi zima ni wewe peke yako. Tuyaache hayo.

Leo naongelea chipsi, na nina hoja, kwa hiyo msicheke kwanza.

Mnaokaa Mabibo hosteli mnakikumbuka kile kirikuu cheupe cha Mama kilichokuwa kinapaki jirani na geti kila jioni. Nyuma kimefunguliwa, karai la mafuta upande mmoja, jiko la mishkaki limeshushwa chini, dada wa kachumbari kakalia ndoo. Zege na mishkaki miwili ni buku tatu na jero, unalala umeshiba. Basi toka mwezi wa pili kirikuu hakionekani. Mama kapata fremu Sinza, kaweka meza sita, feni na friji ya soda. Na kwenye magrupu yetu ndio imekuwa wimbo: Mama kajisahau, Mama siku hizi anauzia wenye magari.

Jumamosi nikaenda kujionea mwenyewe. Nilikuwa na sababu nyingine pia, nitaisema.

Nianze na ukweli mchungu: msosi sio ule. Pale getini foleni ilikuwa haikatiki. Viazi vinakaangwa nusu, vinachujwa, oda ikija vinarudishwa kwenye mafuta yanayochemka, yai juu, haooo. Karai halipoi na chipsi hazipati muda wa kulala. Pale Sinza wateja wanakuja mmoja mmoja, chipsi zinasubiri kwenye kabati la kioo lenye taa mpaka zinalegea, ndipo zinamwagiwa yai. Mishkaki nayo inapikwa kwa gesi kwa sababu mwenye nyumba hataki moshi wa mkaa, juu kuna wapangaji. Jamani, mshkaki wa gesi ni nyama ya kukaanga iliyochomekwa kijiti! Zege limekuwa buku nne, mishkaki buku kila mmoja. Ukila kama ulivyozoea umetumia elfu sita, na boom letu la kula na kulala ni elfu kumi kwa siku. Hesabu fanyeni wenyewe.

Halafu jiko liko nyuma ya pazia. Mimi nilizoea kumwona Mama akivunja mayai huku ananiuliza test imeendaje.

Nikiwa naendelea kununa hivyo, pazia likafunguka. "Ticha! Mbona umekonda?" Nikamwamkia, "Shikamoo Mama," akaitika marahaba, akavuta kiti akakaa. Na hapo ndipo nikagundua kitu. Miaka miwili namfahamu huyu mama, sikuwahi kumwona amekaa.

Akanipigia stori. Kabla ya kirikuu alikuwa na kibanda kando ya barabara. Oktoba 2021, wamachinga wa Dar walipohamishwa barabarani, kibanda kikaondoka. Akapata nafasi kwenye soko walilopelekwa, yeye akaenda, wateja wake hawakumfuata. Ndipo yeye na kaka yake wakachanga wakanunua kirikuu cha mtumba. Sisi tukaona raha, msosi umetufuata getini. Yeye mvua ikinyesha viazi vilivyokwisha kumenywa vinakuwa hasara. Na kuna hili ambalo sikuwahi hata kulifikiria: pale hakukuwa na choo. Kuanzia saa tisa alasiri alikuwa hanywi maji mpaka anafunga, saa sita usiku. Kila siku, mbele ya karai la moto, joto la Dar mnalijua. Fremu ina choo na bomba. Kodi kalipa ya miezi sita kwa mkupuo.

Sasa sababu yangu nyingine. Nilikuwa nadaiwa. Mnakumbuka Desemba boom lilivyochelewa? Mama alikuwa anatuandika kwenye kauntabuku. Deni langu 21,500, na nilikuwa na 15,000 mfukoni. Akaenda kulitoa. Lile daftari ni nene, wadau. Na majina hajui, kaandika anavyotujua: Ticha Miwani (ndio mimi), Mrefu Jiografia, Kaka Pilipili Nyingi, Wadada Wawili wa Sheria. Akaniambia bila hasira, "Mwanangu, humu mna laki sita na kitu. Ningekuwa nazo, hapa ningehamia mwaka jana."

Kuna atakayesema Mama alikopesha kwa faida yake, ili tusihamie kwa jirani. Sawa, biashara ndivyo ilivyo. Lakini faida ya mkopo inapatikana mkopo ukilipwa. Na nilipopekua zile kurasa nilimtambua angalau mmoja wa wale wanaoandika kwenye grupu kwamba Mama katutupa. Nani kamtupa nani hapo? Bei ni kubwa, nakubali, hata mimi sitaweza kwenda zaidi ya mara moja kwa mwezi. Ila kusema kajisahau sikubali. Zege letu la bei chee lilikuwa na mtu analilipia, na hakuwa sisi.

Kabla sijaondoka akaniuliza, "Chakula kimepungua nini? Niambie ukweli, wewe si mwalimu?" Nikajikaza nikamwambia: mishkaki irudi kwenye mkaa, na chipsi asizilaze kwenye kioo. Akanyamaza kidogo. Akasema hata yeye mwenyewe hali ile mishkaki. Anaongea na mwenye nyumba ampe kona ya uani kuanzia jioni, na kirikuu hajakiuza, kinamletea viazi kutoka sokoni. Nikamuuliza kama siku moja moja kinaweza kuja Mabibo. Akacheka, hakujibu.

Mkopo hakuna tena. Ukutani kuna karatasi imeandikwa kwa peni nyekundu, "Mkopo kesho."

Nimebakiza 6,500, boom likitoka namalizia. Na wewe Mrefu Jiografia, najua unasoma hapa. Uko ukurasa mmoja na mimi, mstari wa chini yangu, na namba ya Mama ya kutumia hela ni ile ile.