Nyumba ya Tingatinga

Nilipozuru Elsamere, ukingoni mwa Ziwa Naivasha nchini Kenya, mbega walikuwa wakirukaruka juu ya migunga, nasi wageni tukaandaliwa chai bustanini. Katika nyumba hiyo aliishi Joy Adamson, mzaliwa wa himaya ya Austria na Hungaria, aliyechora mimea ya Kenya na sura za watu wake, akauawa mwaka 1980. Leo nyumba ni makumbusho, na picha zake zimetundikwa ukutani. Sikuona kijicho, maana maua yale yamechorwa kwa mkono wenye subira. Lakini nilitoka na swali ambalo halijanibanduka: Edward Saidi Tingatinga anayo nyumba ipi?

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutumika majumbani mwa watu. Mnamo mwaka 1968 hivi alianza kuchora chui, tembo na ndege juu ya vipande vya mbao za dari, kwa rangi ile ile ipakwayo baiskeli, akaziuza nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimdhania mhalifu, wakampiga risasi, akafa. Miaka minne tu ya kazi! Na mtindo wake unawalisha wanafunzi wa wanafunzi wake hadi leo.

Wapo wasomi wanaobeza: ati hizo ni picha za watalii. Je, sura za makabila Adamson hakuzichora kwa agizo la serikali ya kikoloni? Mbona sijasikia mtu akizidharau kwa sababu hiyo? Wengine husema hakusomea uchoraji. Mimi mwenyewe niliishia sekondari, na mashairi yangu hayakuniomba cheti.

Watasema tena kwamba fedha hakuna, na kwamba kazi zake nyingi zilikwenda ng'ambo. Sidai jumba la marumaru. Chumba kimoja chatosha: kopo la rangi, brashi, ubao mtupu wa dari, na picha moja ya mkono wake mwenyewe, si nakala. Nacho kijengwe Tunduru, ili mwanafunzi wa huko asipande basi hadi Dar es Salaam ndipo aambiwe kwamba yule chui wa madoadoa alitoka kwao.