Tiba Isiyohesabiwa Isiaminiwe

Usiku wa tarehe 14 Desemba 1799, George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alifariki nyumbani kwake Mount Vernon. Koo lilikuwa limevimba, anapumua kwa shida. Tangu alfajiri alikuwa ametolewa damu mara nne, jumla ikikadiriwa kuzidi lita mbili. Wa kwanza kumpasua mshipa alikuwa msimamizi wa shamba lake, tena kwa amri ya Washington mwenyewe. Madaktari walipofika, wakaendeleza.

Siku hiyohiyo, mahakama ya Philadelphia ilimpa ushindi Daktari Benjamin Rush, bingwa wa kutoa damu, dhidi ya mwandishi wa habari William Cobbett. Rush aliwatoa damu nyingi wagonjwa wa homa ya manjano iliyoukumba mji huo mwaka 1793. Cobbett alipekua orodha za vifo, akadai kuwa tiba hiyo inaua. Akatozwa dola 5,000 kwa kashfa.

Ni kosa kudhani kwamba tiba hii ilidumu zaidi ya miaka 2,000 kwa sababu watu walikuwa wajinga. Ilikuwa na nadharia ya Galen, tabibu wa kale, kwamba maradhi hutokana na kuzidiana kwa damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Ilikuwa na wasomi. Ilikuwa na mashahidi pia, maana waliopona walisimulia.

Kilichokosekana ni hesabu.

Mjini Paris, daktari Pierre Louis aliwachunguza wagonjwa 77 wa nimonia. Kati ya 41 waliotolewa damu katika siku nne za mwanzo, walikufa 18. Kati ya 36 waliotolewa baadaye, walikufa 9. Wagonjwa walikuwa wachache mno kumaliza ubishi, na kitabu cha daktari William Osler cha mwaka 1892 bado kilitetea kutoa damu katika nimonia. Lakini swali lilikwisha kuulizwa, na tiba ikaanza kupoteza heshima yake.

Leo hospitali hutoa damu kwa maradhi machache, kama ya madini ya chuma kurundikana mwilini, kwa sababu faida yake imepimwa. Kipimo hicho kiwahusu wote: anayeumika kwa chuku mwambaoni, muuza dawa za mitishamba na daktari wa kliniki ya kisasa. Msomaji, ukiahidiwa kupona, usiridhike na ushuhuda wa mtu mmoja. Uliza wametibiwa wangapi, wamepona wangapi, na wangapi wangepona bila tiba hiyo.