Reli ipo Kajiado, mbona inabeba magadi tu na sisi tumekwama kwa jam?

Saa kumi na moja asubuhi, steji ya Kitengela. Kama unasoma hii ukiwa umebanwa kiti cha nyuma cha mathree, mkoba magotini, unajua hali. Konda anaangalia juu, anaona wingu, nauli inapanda. Jana mia, leo mia mbili. Unafika Athi River, unaingia Mombasa Road, na kufika Mlolongo gari limesimama. Wenye pesa wanapanda Expressway. Wewe unabaki chini ukihesabu dakika.

Nilifanya safari hiyo karibu miaka miwili nikisomea diploma katika chuo kimoja tao. Siku nzuri nilitumia mia mbili na hamsini kwenda na kurudi. Siku tano kwa wiki, wiki nne, hiyo ni elfu tano kwa mwezi, kabla hujanunua hata chapo. Mwaka wa pili niliacha. Sitadanganya kwamba ni nauli peke yake iliyonitoa darasani, lakini nilipokaa na mamangu tukapiga hesabu, nauli ilikuwa inakula pesa kuliko chakula. Kwa hivyo nikikuambia kuhusu reli leo, usidhani ni hobi. Nina deni nayo.

Wengi wetu tukisikia reli tunafikiria SGR. Lakini Kajiado ina reli iliyozeeka kuliko babu zetu. Pale Konza, njia kuu ya zamani ya Mombasa hadi Nairobi inatoa tawi linaloelekea magharibi, linapita mji wa Kajiado, kisha linashuka zaidi ya mita 1,000 hadi Ziwa Magadi. Ni kilomita 146. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa 1911, na kufikia 1915 reli ilikuwa imefika ziwani. Kazi yake ni moja: kutoa magadi na kuyapeleka bandarini Mombasa. Magadi ni yale yale ambayo nyanyako hutia kwenye mrenda, ila kiwandani yanatumika kutengeneza vioo na sabuni. Chupa ya soda unayokunywa inahitaji mzigo wa aina hiyo.

Hiyo ni reli nyembamba, upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Ni kipimo kile kile cha reli iliyoanzia Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Waliijenga vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka India, na kama 2,500 kati yao walikufa. Sisi shuleni tulifundishwa simba wa Tsavo tu.

Kuna sehemu nyingine ya stori ambayo sikufundishwa, na inahusu ardhi unayokanyaga ukiwa Kitengela. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa, mbali na reli, ili walowezi wapate nafasi. Wengine wakapelekwa Laikipia, wengine upande huu wa kusini. Mwaka wa 1911 wakaambiwa watoke Laikipia pia, waje kusini wote. Walienda kortini 1913 katika kesi ya Ole Njogo, na korti ikasema huo ni mkataba baina ya mataifa mawili kwa hivyo haina uwezo wa kuuamua. Kesi ikaisha hivyo. Wakati huo huo, katikati ya ardhi hiyo ya kusini walikosukumwa, reli ya magadi ilikuwa inajengwa. Yaani watu walisukumwa mbali na reli moja, wakapitishiwa nyingine mlangoni, na hakuna hata moja iliyojengwa iwabebe.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, bado hakuna treni ya abiria ya kawaida kutoka Kajiado. Mtu wa Elangata Wuas au Singiraine anaona mabehewa yakipita, halafu anatafuta nduthi.

Najua utakachosema. Hiyo reli ni ya kikoloni, ni nyembamba, imepitwa na wakati, sasa ni enzi ya SGR. Hapo ndipo tunadanganywa. Wembamba si ugonjwa. Yamanote, ile reli inayozunguka katikati ya Tokyo na kubeba mamilioni ya watu kila siku, ina upana wa milimita 1,067. Yetu ni 1,000. Tofauti ni vidole vinne vyako vikikaa pamoja. Wajapani hawakungoja reli pana ndipo watu wafike kazini.

Si lazima twende mbali hivyo. Oktoba 2012 Dar es Salaam walichukua njia za reli zilizokuwepo tayari, wakaanzisha treni za mjini za asubuhi na jioni. Watu wakaiita treni ya Mwakyembe, jina la waziri aliyeisukuma. Ile ya Stesheni hadi Ubungo ilipita kwenye reli ya mita moja, kama ya kwetu.

Hata hapa nyumbani tumeshafanya. Treni ya Nanyuki ilikuwa imekufa, wengi walidhani haitarudi. Njia ikakarabatiwa, vijana wa NYS wakiwa kazini pamoja na wanajeshi, na Desemba 2020 abiria wakapanda tena. Desemba 2021 ikawa zamu ya Kisumu. Na zile treni za Nairobi zilizozinduliwa 2020 zilinunuliwa zikiwa zimetumika kisiwa cha Mallorca, Uhispania, kwa sababu huko pia reli ni ya mita moja. Watalii wa Ulaya walikuwa wanapanda reli ya saizi yetu na hakuna aliyelalamika kwamba ni ya kizamani.

Sasa ongeza hii. Tangu 2013 kuna ushuru wa maendeleo ya reli unaotozwa bidhaa zinazoingia nchini. Simu uliyoshika sasa hivi, kama iliingizwa kutoka nje, imepitia huo ushuru. Viatu vya mtumba ulivyonunua Jumamosi, pia. Kwa hivyo hatuombi msaada. Tunauliza tiketi yetu iko wapi.

SGR yenyewe imepita kwetu. Awamu ya kwanza ilizinduliwa 2017, na ile ya kwenda Suswa ikafuata Oktoba 2019, ikiwa na stesheni Ongata Rongai na Ngong, ndani ya Kajiado. Ni sawa, lakini muulize mtu wa Rongai anaenda kazini na nini kila asubuhi. Atakuambia mathree. Stesheni ikiwa mbali na watu na treni ikija mara chache kwa siku, hilo ni jengo la kupigia selfie.

Nataka kuwa mkweli kuhusu ugumu pia. Tawi la Magadi ni njia moja, treni mbili haziwezi kupishana popote zinapotaka. Kutoka Kajiado kwenda Nairobi kwa reli lazima uzunguke Konza, na ukiwa na haraka barabara ya Namanga itakushinda. Kitengela yenyewe haina stesheni, iliyo karibu ni Athi River. Na nina marafiki makonda na madereva, sitaki waamke kesho hawana kazi.

Lakini angalia idadi. Sensa ya 2019 ilihesabu Kitengela watu zaidi ya 154,000, na kaunti nzima zaidi ya milioni 1.1. Huo umati hauwezi kubebwa na barabara moja milele. Treni ikifanya kazi, mathree na nduthi hazifi, zinabadilisha njia. Mtu atatoka Yukos, Milimani au Chuna, apelekwe stesheni kwa nauli ndogo mara nyingi kwa siku, badala ya gari kulala Mlolongo saa mbili likichoma mafuta. Muulize konda wako kama anafurahia jam. Analipwa kwa trip, si kwa kukaa.

Ninachotaka ni vitu vitatu tu. Kwanza, treni za abiria upande wa Athi River ziwe za kutosha asubuhi na jioni, zenye saa unayoweza kuamini, na mathree za kuzifikia. Pili, njia ya Konza, Kajiado hadi Magadi iwe na mabehewa ya abiria hata kama ni siku za soko tu, ili mama anayeuza mbuzi asitegemee lori. Tatu, ardhi ya reli ilindwe. Ukiuziwa ploti na ukaambiwa iko karibu na reli, hakikisha haiko juu ya reli.

Na usiende kumsumbua gavana peke yake. Kikatiba reli ni kazi ya serikali ya kitaifa, kwa hivyo wa kuulizwa ni mbunge wako. Bajeti ikiletwa, bunge linatakiwa na sheria kuchukua maoni ya wananchi. Wazee huwa wanaenda, sisi tunabaki X tukitupa memes. Mwaka huu nitaenda, na karatasi yangu ya hesabu ya nauli nitaibeba. Elfu tano kwa mwezi. Piga na wewe yako, andika jina la steji yako hapo juu, tuonane huko.

Mdogo wangu anamaliza Form Four. Anataka kwenda chuo tao. Ningependa aache chuo kwa sababu ameamua mwenyewe kwamba hakimfai, si kwa sababu mvua ilinyesha Kitengela.