Namba itoke nje, jamani

Wadau, leo niwachokoze kidogo wenzangu wa kompyuta. Mtu anaandika programu-jalizi ya kurekebisha sauti, anaweka ndani ya msimbo kwamba sauti izidishwe mara mbili, basi. Kwake imetoka safi. Sasa mwalimu aliyerekodi somo darasani huku mvua inapiga bati, hiyo mara mbili yako aifanyeje? Hana pa kugusa. Mimi naona huo ni ubinafsi, hata kama msimbo wenyewe ni mzuri.

Na kazi si kubwa kihivyo. Chukueni Audacity, ile ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2000. Ndani yake kuna lugha ya Nyquist, na programu-jalizi yake ni faili la maandishi tu linaloishia na .ny. Ukishaandika ile mistari ya utambulisho juu, kitelezi cha kuvuta unakipata kwa mstari mmoja:

$control kiwango "Ukubwa wa sauti" float "dB" 0 -12 12

Halafu kule chini, badala ya namba unaweka jina:

(mult *track* (db-to-linear kiwango))

Kwisha habari. Dirisha Audacity inakuchorea yenyewe.

Ila zile namba tatu za mwisho ndipo watu wanapolipua. Ya kwanza ni pa kuanzia, kisha chini kabisa, kisha juu kabisa. Mimi naanzia 0 kwa sababu hapo sauti inabaki ilivyo, mtu akibonyeza OK bila kusoma (na wengi hatusomi!) hajaharibu kitu. Juu naishia 12, ambayo ni kama kuzidisha mara 4. Kuna wanaoachia hadi 60, yaani mara 1,000! Rekodi ikianza kukwaruza wanamlaumu mtumiaji. Wengine wanapanga vitelezi kumi na tano kwa kitu kinachohitaji viwili, ukifungua unadhani umeingia kwa rubani.

Halafu hayo maneno kwenye alama za kunukuu... ni yako. Hakuna aliyesema lazima yawe "Gain". Yangu nimeandika kwa Kiswahili, na walimu ninaowasaidia kusafisha rekodi wanavuta wenyewe bila kuniita. Mwangwi uitwe mwangwi, muda wake uandikwe sekunde. Kuna jamaa hapa hosteli anadai Kiswahili kwenye programu kinaonekana cha kishamba. Sasa yeye anamwandikia nani?

Anayetaka faili aje na flashi, chumba mnakijua.